Biskuti za Langoni

Luteni Hardy alipanda ngazi za jengo lao mtaani Umbilo akiwa na begi begani, akamkuta mama yake amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Colette alikuwa ametoka saluni mapema siku hiyo, jambo asilolifanya hata akiumwa. Alimkumbatia mwanawe, akamshika mashavu, akamwambia amekonda, kisha akamvuta ndani kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

"Njoo umuone mgeni wetu. Pasta Ezéchiel alituomba tumpokee, hana fasi ya kulala. Anatoka kule kule ulikokuwa! Nimeshamwambia, mwanangu ndiye alikuwa anawalinda."

Kwenye sofa, chini ya picha kubwa ya Hardy aliyopigwa siku ya kuvishwa nyota zake, alikaa mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha kijani kichwani, na mtoto wa kike amesinzia mapajani mwake. Hardy alimtazama mara moja tu. Uso ule alikuwa ameuona kwa muda mfupi sana, kwenye lango la kambi huko Kivu, lakini tangu siku hiyo haukuwahi kumtoka.

"Good afternoon," akasema kwa Kiingereza.

Colette akacheka. "Weh, salimia vizuri! Huyu ni mama Yvette."

"Pleased to meet you, ma'am."

Yvette alikuwa ameshanyoosha mkono. Hardy akaupita, akaingia chumbani na begi lake, mlango ukafungwa. Mkono ule ukabaki hewani kidogo, halafu mwenyewe akaurudisha taratibu na kuanza kumpapasa mtoto mgongoni, kana kwamba ndiyo kazi aliyokuwa ameunyooshea.

"Ni uchovu," Colette akasema, uso ukimwaka kwa aibu. "Barabara ni ndefu. Nisamehe, mama."

*

Baba yake, Urbain, alirudi jioni kutoka Jacobs, ambako alikuwa anatengeneza makochi kiwandani, harufu ya gundi bado ikiwa nguoni. Baada yake akaingia Gracieuse, dada mdogo wa Hardy, aliyekuwa anasoma chuo na siku za Jumapili kuwatafsiria kanisani wageni wa Kizulu. Colette akapakua sombe ya majani ya muhogo, wali na samaki. Nyumba ilikuwa na furaha, lakini furaha ile ilikuwa inachechemea, maana kila Hardy alipoulizwa jambo kwa Kiswahili alijibu kwa Kiingereza.

"Chakula kiko na chumvi ya kutosha?"

"It's fine, Ma."

"Na kule kambini, wanawapa samaki?"

"Sometimes."

Mwanzoni Gracieuse alifanya mzaha, akawa anamtafsiria kaka yake kama anavyofanya kanisani, mkono mmoja hewani. Hakuna aliyecheka. Colette aliendelea kumpakulia mwanawe huku akimwangalia Yvette kwa jicho la kuomba radhi. Alikuwa amemsifia kijana huyu kwa mgeni asubuhi na jioni tangu alipofika. Sasa kijana mwenyewe alikuwa anaongea na mama yake kama anavyoongea na karani wa benki.

Urbain akaweka kijiko chini. "Hardy. Jeshi limekukata ulimi?"

"No, Pa."

"Nyumba hii ni ya Kiswahili. Mbele ya mgeni unataka tuonekane watu wa aina gani? Wazazi washamba wenye mtoto mzungu?"

"Mwache, papa Hardy," Colette akamwambia mumewe haraka. Kisha akamgeukia Yvette. "Usimwone hivyo. Anajua Kiswahili kunishinda mimi. Alipokuwa mdogo alikuwa anajua hata matusi ya Bukavu!"

Yvette aliacha kutafuna. Aliinua macho, akaitazama picha ya ukutani, halafu akamtazama Hardy, halafu tena picha. Hardy alikuwa anatoa miiba kwenye kipande cha samaki kisichokuwa na miiba.

"Kumbe anajua," Yvette akasema polepole.

"Kabisa!"

Yvette hakula tena. Alisema mtoto ana usingizi, akasimama na sahani yake ikiwa nusu. Colette alipobaki na mwanawe mezani, alijaribu kuiokoa jioni ile kwa habari njema. Ibada ya shukrani ya Jumapili ilikuwa imepangwa vizuri. Kanisa zima lingekuja kumshukuru Mungu kwa kumrudisha Hardy akiwa mzima. Na wageni wangekuwepo pia.

"Nimempigia MaNgcobo, yule mama wa Umlazi. Amekubali kuja."

Hardy aliinua kichwa kwa ghafla. MaNgcobo alikuwa mama wa Lwazi, askari wa platuni yake aliyerudishwa nyumbani ndani ya jeneza.

"Mama, kwa nini?" Kiswahili kilimponyoka kwa sauti ya chini.

"Aa, ulimi umerudi!" Colette akasema kwa uchungu, akaanza kukusanya sahani. "Kwa nini nini? Wewe ulirudi, wake hakurudi. Nitashukuru peke yangu bila kumkumbuka? Anataka kukusikia. Anasema hakuna aliyewahi kumweleza vizuri siku ile ilikuwaje."

*

Siku ile ilikuwaje.

Kwenye chuo cha maofisa, Hardy alifundishwa mambo mengi, na aliyashika. Alijua kusoma ramani gizani kwa tochi ya mdomoni, kupanga walinzi, kuita msaada kwa redio bila sauti kutetemeka. Mkufunzi mmoja alikuwa akisema mbele ya wote kwamba kijana huyu atafika mbali. Lakini wiki za mwanzo bwenini, kuna kuruta aliyemsikia akiongea na mama yake kwenye simu, akaanza kumwita kwerekwere, tusi la kuwadhihaki wageni wa Kiafrika. Jina hilo lilikimbia vitanda vyote. Hardy akawaambia kwamba alikuwa anamwigiza jirani tu; kwao, alisema, wanaongea Kiingereza na Kizulu. Tangu hapo akawa anampigia mama yake nyuma ya choo, na baadaye akaacha kupiga, akawa anatuma ujumbe. Uongo ule ulikuwa mdogo, wa kitoto. Lakini aliuvaa kila siku, ukamkaa mwilini kama gwanda.

Walipopelekwa Kivu, walikotoka wazazi wake, aliona ingekuwa aibu kuuvua. Kambi yao ilikuwa juu ya kilima, na chini yake kulikuwa na mahema ya wakimbizi. Kila asubuhi droni ilipita juu yao ikilia kama cherehani. Waliizoea, wakawa wanaitukana. Vita alivyovifikiria, vya kumwona adui na kumkabili, havikuwepo. Kulikuwa na kukaa kwenye handaki, kuangalia vioo vya kompyuta, na kusubiri kombora kutoka kwa watu usiowaona. Mkalimani wao, kijana wa hapo hapo, alikuwa ameondoka kwenda kutafuta familia yake.

Siku hiyo Hardy ndiye aliyekuwa ofisa wa lango. Wanawake walikuja mbio wakipandisha kilima, na mbele yao huyu Yvette, pekupeku, mtoto mgongoni. Alishika nyavu za lango kwa mikono yote miwili, akasema maneno ambayo Hardy aliyaelewa yote, neno kwa neno, kwa lafudhi ile ile ya mama yake.

Meja aliyekuwa anapita akasimama. "Anataka nini? Kuna mtu anaelewa?"

Askari wakatazamana.

"Chakula, bwana," sajini mmoja akasema. "Wanataka chakula siku zote."

Hardy alifungua mdomo, akaufunga. Alifikiri: nikisema sasa, wataniuliza nimejuaje. Akafikiri: nitamfuata Meja pembeni, nitamwambia nimeona watu kwa darubini. Askari mmoja akaleta katoni ya biskuti za jeshi, akampa yule mama mkononi, wakawaonyesha kwa vidole njia ya chini, warudi. Yvette alizitazama zile biskuti. Akamtazama Hardy, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu naye. Kisha wakageuka.

Alikuwa njiani kuelekea hema la Meja, akiipanga vizuri hadithi ya darubini, kombora la kwanza lilipoanguka. Lilianguka kwenye handaki la Lwazi. La pili lilianguka kwenye njia ya chini.

*

Jumamosi mama yake aliwasha jiko mapema kukaanga mikate ya kesho, yale maandazi madogo ya duara ambayo kwao hakuna sherehe bila hayo. Karai kubwa la mafuta lilikuwa linachemka. Yvette alikuwa anakata donge, Colette anachovya na kuopoa, Urbain yuko sebuleni anapiga pasi shati la kanisani. Hardy alikuja kuchukua maji, akakuta wote wawili wamempa mgongo, na yule mtoto, ambaye alikuwa ametambaa chini ya meza, amenyoosha mkono na kuushika mpini wa karai.

"Acha! Acha hiyo, mtoto! Utaungua!"

Hardy alimnyakua kiunoni akamweka begani. Karai liliyumba, mafuta yakamwagika sakafuni, yakamrukia Hardy mguuni. Hakulia.

Colette alipiga yowe, akazima jiko. Yvette hakupiga yowe. Alimchukua mtoto wake mikononi mwa Hardy, akamkagua vidole, kimoja kimoja, akaona mzima. Akamkalisha kwenye kiti. Ndipo akamwangalia Hardy.

"Tangu nifike hapa naiangalia ile picha," akasema. "Nikajiambia, Yvette, umechoka, wanajeshi wote wanafanana. Jana ukaingia ukaongea Kiingereza. Nikasema, asante Mungu, hata kama ni yeye, basi kweli hajui. Halafu mama yako akasema unajua hata matusi."

"Mama Yvette..."

"Nilisema nini siku ile?"

Urbain alikuwa ameshafika mlangoni, pasi mkononi. "Kuna nini hapa?"

"Nilisema nini?" Yvette akarudia. Sauti yake haikupanda. "Pale langoni. Niambie."

Hardy aliwatazama wazazi wake. Aliitazama sakafu. Angeweza kusema hakumbuki, na hakuna mahakama ambayo ingemshinda. Lakini maneno yenyewe yalikuwa yamemkaa kooni muda mrefu mno.

"Ulisema: wako kwenye mahindi, nyuma ya tangi la maji. Wameleta bombe kubwa, wanaielekeza huku juu. Msiturudishe njia ya chini, wametuona, watatuua. Na ninyi watawaua." "Ukasema, bwana yangu yuko nyuma anakuja na godoro, mumfungulie na yeye."

Colette aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Basi nilisema vizuri," Yvette akasema.

"Ulisema vizuri."

"Mimi nilidhani ni mimi." Hapo sauti yake ikavunjika. "Mwaka mzima najiuliza. Pengine niliongea haraka. Pengine ningetafuta neno la Kifaransa. Pengine ningelala chini pale langoni, wangenielewa. Njia yote mpaka Zambia nilikuwa najitukana, wewe mwanamke, mdomo wako ndio ulimuua bwana yako Achille. Kumbe nilisema vizuri. Na wewe ukaacha wanipe biskuti."

Alimbeba mtoto wake, akaingia kwenye chumba cha Gracieuse alikokuwa analala. Hakufunga mlango. Pengine aliona si mlango wake.

*

Urbain ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata maneno, na maneno yenyewe yalikuwa ya kutafuta pa kujificha.

"Sikilizeni. Hii ni habari ya jeshi. Ni habari ya vita. Vita ni vita. Kesho kuna ibada, watu wameshaalikwa, hata msimamizi wangu wa kiwandani anakuja. Tupitishe kwanza kesho. Hardy, utasimama, utamshukuru Mungu, utakaa. Mambo mengine tutayaongea sisi wenyewe."

"Na MaNgcobo?" Hardy akauliza.

"MaNgcobo atakula, ataenda kwake. Unataka kumuua mara ya pili?"

Hardy alitamani sana kumwamini baba yake. Alimgeukia mama yake akitegemea atamkemea, au atalia, au atamfukuza. Colette alikuwa anafuta mafuta sakafuni kwa kitambaa, anafuta pale pale palipokwisha kukauka.

"Unakumbuka ule mwaka wa fujo?" akasema bila kuinua kichwa. "Walipokuwa wanawachoma wageni kama sisi. Ulikuwa mdogo. Tukipanda teksi kwenda mjini nilikuwa nakufinya. Ukisema neno moja la Kiswahili, nakufinya hapa, kwenye nyama ya mkono. Siku moja ulitokwa na damu. Nikakwambia, nje ya nyumba wewe ni bubu."

"Mama, hiyo siyo..."

"Mimi sisemi ni kosa langu. Wewe ni mtu mzima, una nyota begani. Nasema tu nimekumbuka." Akakamua kitambaa. "Na jana nikakasirika kwa nini huongei."

Alipomaliza alikwenda kukaa na Yvette. Walisikika wakiongea kwa sauti ya chini, kisha hawakusikika. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu.

"Anasema hataondoka, maana hana pa kwenda. Nimemwambia hata akitaka kuondoka simruhusu." Akawasha tena jiko. "Kesho atakuja kanisani, kwa sababu amealikwa. Wewe utasema nini huko, mimi sikwambii. Nimeshakwambia mengi."

Akaendelea kukaanga mikate. Ilimbidi, unga ulikuwa umeshaumuka.

*

Kanisa lao lilikuwa ukumbi wa kupanga, juu ya duka la matairi, karibu na barabara ya Umbilo. Jumapili hiyo viti havikutosha. Kwaya ilikuwa imeshona vitambaa vipya. Masufuria ya wali yalipangwa nyuma, yamefunikwa kwa mataulo yasipoe. Mstari wa mbele, kwenye kiti alichowekewa mto, alikaa MaNgcobo, mama mnene mwenye kofia nyeupe ya sufu. Alikuwa ameleta keki. Hardy alipoingia, bila sare, amevaa shati tu, MaNgcobo alisimama akamkumbatia, akamwita mwanangu kwa Kizulu. Hardy alisimama mikononi mwake kama gogo.

Yvette alikaa karibu na mlango, mtoto mapajani.

Pasta Ezéchiel alisifu, akaimbisha, akamwita luteni wetu, simba wetu, Daudi wetu. Watu wakapiga vigelegele. Hardy akapanda mbele. Gracieuse akapanda pia, akasimama ubavuni mwake na kipaza sauti cha pili. Jana yake alishinda chuoni, usiku akalala chumba kimoja na Yvette, na hakuna aliyemwambia kitu. Alichojua ni kwamba nyumba nzima imenuna.

"Bwana asifiwe," Hardy akasema kwa Kiswahili.

"Ameni!" kanisa likajibu kwa kelele, maana wengi walikuwa wamesikia kwamba siku hizi anajidai Mwingereza. Gracieuse akatafsiri kwa Kizulu. MaNgcobo akatabasamu na kuitika.

"Mmenialika mnishukuru kwa kuwalinda watu wetu. Mimi sikuwalinda."

Gracieuse akatafsiri, akidhani ni unyenyekevu. Urbain, aliyekaa pembeni ya msimamizi wake, alitikisa kichwa kidogo: hapana, hapana.

"Nilikuwa langoni. Mama mmoja alikuja kutuonya kwamba tutapigwa. Aliongea Kiswahili. Mkubwa wangu akauliza nani anaelewa." Gracieuse akatafsiri hadi hapo, sauti ikianza kupungua kasi. "Mimi nilielewa kila neno. Nikanyamaza. Niliona aibu wenzangu wajue nimetoka kwa watu gani. Lwazi akafa, na bwana wa huyo mama akafa."

Kilichofuata ni mguno wa mshtuko, ule unaotoka kwenye vifua vya watu wengi kwa pamoja. Mwanakwaya mmoja aliziba mdomo kwa kitambaa chake kipya. Walioelewa Kiswahili walikuwa wameshajua. MaNgcobo alikuwa bado anatabasamu, shingo ameinyoosha, anamtazama Gracieuse. Alikuwa amesikia jina la mwanawe.

Gracieuse alikishusha kipaza sauti.

"Tafsiri," Hardy akamwambia.

"Yaya, siwezi," akamjibu kaka yake.

"Gracieuse, tafsiri."

"Mimi siwezi kumwambia hivyo. Usinifanye nimwambie."

MaNgcobo aliuliza kwa Kizulu, kwa upole, kama mtu anayeogopa kukatiza ibada: "Anasemaje kuhusu mtoto wangu?"

Hardy akakichukua kipaza sauti mkononi mwa dada yake, akakiweka chini pamoja na chake. Akashuka ngazi moja ya jukwaa. Akamwambia MaNgcobo kwa Kizulu, kile Kizulu kizuri alichokuwa akijivunia bwenini, mambo yote tangu mwanzo, na hakuiacha nje ile hadithi ya darubini.

Tabasamu la MaNgcobo halikutoka mara moja. Lilibaki kidogo usoni, limesahaulika. Alimsikiliza hadi mwisho. Hakumpiga, hakumlaani. Aliuliza swali moja tu.

"Huyo mama yuko wapi?"

Hardy akaonyesha mlangoni.

MaNgcobo alijiinua kwa kushika kiti cha pembeni yake, akatembea katikati ya watu polepole, kofia imemkaa upande. Watu walivuta magoti ampite. Yvette alikuwa ameshasimama. Wanawake wale wawili hawakuwa na lugha hata moja kati yao. Walitazamana, kisha MaNgcobo akamshika mkono, wakatoka wote na mtoto kwenye baraza la nje, kwenye ngazi za kushukia dukani.

Kupitia dirishani kanisa zima liliwaona. Yvette aliinua mkono, akachora kilima. Akaonyesha chini, akaonyesha mbali, akaunda tangi kwa mikono miwili. Akapitisha vidole hewani, juu, halafu chini. MaNgcobo alikuwa anafuata mikono ile kwa macho, anaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, na machozi yanamchuruzika.

"Niende niwatafsirie?" Gracieuse akanong'ona.

"Waache," Colette akasema.

Pasta Ezéchiel alifungua Biblia, akaifunga. Kwaya ilimtazama, yeye akaitazama kwaya. Nyuma, mama mmoja aliinuka akafunua masufuria, akayafunika tena. Urbain alikuwa ameinamisha kichwa, mikono katikati ya magoti, na msimamizi wake asiyeelewa Kiswahili wala Kizulu alikuwa anamuuliza kwa Kiingereza kumetokea nini, anamuuliza tena.

Hardy alibaki amesimama pale mbele. Alingoja mtu amwambie akae. Hakuna aliyemwambia.